Pasi ya Bi. Zuhura

Pasi ya mkaa ya Bi. Zuhura ililetwa kwangu baada ya arobaini yake, imefungwa kwenye khanga kuukuu. Mkwewe aliyeileta alisema marehemu aliagiza nipewe mimi kabla vitu vingine havijagawanywa. Ni pasi nzito, ina jogoo mdogo wa shaba pale kwenye komeo, na jogoo huyo alikuwa ameshapoteza kishungi chake kabla sijamfahamu. Nilimkaribisha mkwe, nikampa chai, tukazungumza habari za msiba, na alipoondoka niliiweka pasi mezani nikaitazama hadi nikaanza kucheka peke yangu huku machozi yananitoka. Mtu asiyejua habari zetu angeona marehemu ameniachia kumbukumbu ya kawaida ya mama wa nyumbani. Kumbe alikuwa ananitania kwa mara ya mwisho. Mwaka niliokaa kwake Gongoni, mjini Tabora, nilikuwa natengeneza kitambaa cha kuzuia damu inayotoka kwa wingi, na hakuna kitu kilichonichelewesha kama pasi ile. Alijua. Alijua pia kwamba bila nyumba yake nisingefika popote.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimemaliza kidato cha nne, sijasoma chuo chochote. Nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka na wazo moja ambalo lilikuwa haliniachi nilale vizuri. Wazo lilitoka barabarani. Dereva mmoja wa bodaboda aligongwa na lori karibu na pale nilipokuwa nauza vocha, chuma kikamchoma kinenani, damu ikawa inatoka kama bomba lililopasuka. Watu walitafuta kamba wamfunge. Kamba ilipatikana, lakini hakuna aliyejua aifunge wapi, kwa sababu mguu unafungika na mkono unafungika, ila kinena hakifungiki. Mimi nilisimama na khanga yangu mkononi, nikaibandika juu ya jeraha, ikalowa, nikaikunja, ikalowa tena. Hakufika hospitali. Nilianza kusoma kwenye simu siku ileile. Nikajua kwamba wenzetu katika nchi nyingine wanavyo vitambaa vyenye dawa inayozifanya chembe za damu zishikamane mara moja, na kwamba dawa hiyo, inayoitwa kitosani, hutolewa kwenye magamba ya kamba na kaa wa baharini. Tabora bahari iko mbali, na kamba wanaofika huku wamekwisha kuganda na bei yao si ya mtu kama mimi. Niliendelea kusoma hadi nikakuta sentensi moja iliyonifanya nisimame kitandani: dawa hiyohiyo imo kwenye magamba ya wadudu, nyuki wakiwemo. Nikajisemea kwamba kama ni nyuki, basi hakuna aliyezaliwa mahali pazuri kuliko mimi wa Tabora, mji wa asali.

Chumba nilichopanga kwa Bi. Zuhura kilikuwa cha uani, kina dirisha la mbao linalofungukia kamba za nguo. Nyumba ni ya zamani, ya zile za mjini zenye kuta nene na kibaraza mbele, na wanywa kahawa wa kibarazani walipenda kusema kwamba misafara ya kwenda Ujiji ilikuwa ikipita mlangoni, ingawa kila mmoja aliionesha njia hiyo kwa kidole upande tofauti. Kazi ya Bi. Zuhura ilikuwa kufua, kutia wanga na kupiga pasi kanzu na kofia za wanaume wa mji mzima. Asubuhi nilipoamka nilikuta sufuria la wanga wa muhogo linatokota, kanzu zimening'inia kwenye kamba, na kofia zimevalishwa juu ya makopo ya maziwa ya unga zikauke zikiwa zimesimama. Kwake nguo iliyolegea ilikuwa nguo iliyodharauliwa. Alikuwa anainua kanzu kwa mabega, anaitikisa mara moja, na isipotoa mlio alirudia kazi tangu mwanzo. Jioni tulikula pamoja sebuleni kwenye mkeka, ugali na uyoga wa karanga msimu wa mvua, mlenda msimu mwingine, na alikuwa hataki nilipe chakula mradi nimsaidie kuanua na kukunja. Ndivyo nilivyojifunza kupiga pasi kwa mkaa, na nilijifunza vizuri mno. Mimi ni mtu ambaye hata leo, nikituma ujumbe wa simu wenye kosa la herufi moja, nafuta na kuandika upya. Nyumba ile ilinipa kitu cha kukamilisha kwa macho na kwa vidole, na wasiwasi wangu ukapata mahali pa kukaa.

Malighafi niliipata Itetemia, kwa Bwana Lugendo, ambaye alikuwa anakamua asali ya warina wa porini na kuchemsha masega kupata nta. Baada ya nta kuelea na kuondolewa, chini hubaki machicha meusi, na machicha hayo yamejaa nyuki waliokufa wakati wa kurina. Yeye alikuwa anayamwaga nyuma ya kiwanda. Nilipomwomba aniwekee, aliniuliza kama nafuga kuku. Nikamwambia hapana, nataka nyuki wenyewe, maiti zao. Alinitazama kidogo, akasema nichukue, ila kama ni mambo ya kiganga nisitaje jina lake. Nilikuwa nabeba viroba kwa baiskeli hadi Gongoni, naosha, nalowesha kwenye asidi, nachemsha kwenye magadi makali ya kutengenezea sabuni nikiwa nimevaa glavu na miwani ya fundi welda, naosha tena hadi maji yaishe ukali, nakausha, nasaga, nayeyusha kwenye siki, halafu natumbukiza shashi ya hospitali ndani ya uji ule. Harufu yake sitaki kuieleza. Wanywa kahawa walihamisha benchi lao upande wa pili wa kibaraza, na nilimsikia mmoja wao akimwambia mwenzake kwamba binti wa uani anapika nyuki, na kwamba dunia imekwisha kwa kuwa zamani nyuki ndio waliokuwa wanatupikia sisi. Bi. Zuhura alitoka, akawamiminia kahawa, akawaambia anayekerwa na harufu aende akanywe kwake. Kisha akarudi ndani akaniambia kwa sauti ya chini, "Rehema mwanangu, lakini kweli inanuka."

Miezi ya kwanza haikutoka kitu. Uji uligeuka kamasi, au mchanga, au haukuyeyuka kabisa. Nilikuwa nalia chumbani nimejifunika mto ili nisisikike, kisha natoka na ndoo kama mtu anayekwenda kuchota maji tu. Nilichunguza kila hatua kwa ukali ambao sasa naona ulikuwa ugonjwa: maji yakichemka kidogo kuliko jana, namwaga yote. Ila ukali huohuo ndio ulionifikisha. Asubuhi moja nilikwenda machinjioni na kipande cha shashi iliyokauka, nikaomba damu ya mbuzi ikiwa bado ya moto, nikaimimina kwenye bilauri mbili. Moja niliiacha. Nyingine nilitia kitambaa changu. Ile ya kitambaa ikaganda nikiwa bado naiangalia, nikaigeuza bilauri juu chini, na damu ikabaki humohumo imeshikamana. Mchinjaji aliacha kisu akaja kuangalia. Aliniuliza nimetia nini. Nikasema nyuki. Akasema, "Asante Mungu mimi siyo mteja wako," lakini akachukua bilauri akaenda kuwaonesha wenzake, na nikawasikia kule ndani wanabishana. Nilirudi Gongoni nikikimbia na baiskeli mkononi, nimesahau kuipanda.

Sasa, kitambaa kikishakuwa dawa, kinatakiwa kionekane kama dawa. Ndivyo nilivyofikiri, na sioni nani mwingine angefikiri hivyo isipokuwa mtu anayeishi kwa Bi. Zuhura. Nilichukua shashi zangu zilizokauka, nikazitandika juu ya blanketi, nikapuliza mkaa, nikazipiga pasi moja moja hadi zikanyooka na kukakamaa kama kola ya bwana harusi. Nilizikata kwa rula. Bi. Zuhura aliinua moja kwa ncha za vidole, akaitikisa, ikatoa mlio. Alitabasamu kwa namna ambayo alikuwa hajawahi kunitabasamia. Sikuhitaji sifa nyingine duniani.

Mtu pekee aliyekubali kukijaribu kitambaa changu alikuwa Masanja, ofisa mifugo wa upande wa Igunga ambaye wafugaji wote walimwita daktari. Nilimpata kupitia yule mchinjaji. Alikuwa mwanaume mnene, mwenye utani na kila kiumbe, na aliniita fundi nyuki tangu siku ya kwanza. Msimamo wake ulikuwa wazi: binadamu kitambaa hiki kisimguse hadi wenye maabara wakipime, lakini mnyama anayevuja damu mbele yake, ambaye angekufa vilevile, huyo tunaweza kumsaidia pamoja. Mara ya kwanza aliponiita ilikuwa mbuzi aliyeraruliwa bega na fisi. Nilibandika kitambaa changu juu ya shimo la jeraha. Kilikaa pale kimenyooka, kizuri, na damu ikapita chini yake kama maji yanavyopita chini ya mkeka. Masanja alinisogeza kwa kiwiko, akatia ngumi yake ndani ya jeraha, akamwokoa mbuzi kwa mikono na sindano yake mwenyewe. Alipomaliza alinawa, akaokota kitambaa changu, akakitazama upande huu na upande ule. "Kitambaa chako kizuri mno, fundi nyuki," alisema. "Hiki kingefaa harusini." Nilicheka naye. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimeuma midomo, na nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshapata jibu, na jibu lenyewe lilikuwa kinyume cha ukweli. Niliamua kwamba dawa haitoshi. Nikatia uji mzito zaidi, nikapiga pasi ya moto zaidi ili ushike. Vitambaa vikatoka vigumu kama kadi za mwaliko. Nilivipenda.

Kisha Masanja akapata uhamisho. Aliniambia kwa simu, bila utani safari hii, kwamba anakwenda wilaya ya mbali, na kwamba anayekuja baada yake amemwambia waziwazi hataki kusikia habari za nyuki. Nilikuwa na nafasi moja. Kaka yangu alikuwa amenitafutia kazi ya kusimamia duka lake, na nilikuwa nimemwahidi kwamba mvua zikianza na mimi sina kitu cha kuonesha, nitakwenda na sitalitaja jambo hili tena. Mvua zilikuwa zimeanza. Nilifunga mzigo wangu wa mwisho: vitambaa bora kabisa, vilivyochemshwa kwa mvuke na kupangwa katikati ya mbao mbili ili visijikunje. Nafasi iliyobaki pembeni mwa boksi niliijaza na vitambaa vibovu. Hivyo vibovu nilivitengeneza siku za kuelekea Idd, wakati pasi ya Bi. Zuhura haikupumzika hata dakika kwa sababu ya kanzu za watu, vikakaukia kwenye kamba, upepo ukavipindapinda, vikatoka na makunyanzi kama uso wa mtu aliyeamshwa. Nilikuwa nimeona aibu hata kuvitupa mahali watu watavikuta. Nikaona walau vizuie vile vizuri visitikisike ndani ya basi.

Igunga nilifika mchana, na sikuwahi kukaa. Masanja alikuwa amesimama nje ya ofisi amewasha pikipiki. Jirani wa Mama Shija alikuwa amepiga simu. Mama Shija alikuwa mjane aliyelima majaruba ya mpunga kwa maksai wawili, na maksai hao walikuwa maarufu kwa majina yao, Mwenyekiti na Katibu, kwa sababu mmoja alitangulia daima na mwingine alinung'unika daima. Muda si mrefu kabla ya simu hiyo, wakati wa kuwafunga nira, Katibu alimgeukia Mwenyekiti akamtia pembe kwapani, nyuma ya mguu wa mbele. Tulipofika, Mwenyekiti alikuwa amelala ubavu kwenye tope, na damu inaruka kwa mapigo kutoka kwenye shimo ambalo ngumi ingeweza kuingia. Masanja aliwasalimia haraka kwa Kisukuma, mwadila, mwadila, akapiga magoti. Wanaume wawili walikuwa wameweka nondo kwenye moto wachome jeraha, na mwingine ana majivu kwenye ungo. Mama Shija alikuwa amekaa kichwani kwa maksai wake ameshika pembe zake. Alikuwa hapigi kelele. Alimuuliza Masanja swali moja tu, kama shamba lake mwaka huu litalimwa au halitalimwa. Masanja akawaambia wale wanaume waache nondo kwanza, akanigeukia. "Hapa hapafungiki kamba," alisema. "Hapa ndipo pako."

Nilifungua mbao zangu. Nikatoa kitambaa bora kuliko vyote nikakibandika, na damu ikakiinua ikakisukuma pembeni. Nikaweka cha pili. Kikafanya vilevile, na nikasikia mtu nyuma yangu anasema kitu kwa Kisukuma na mwingine anaguna. "Damu iko chini huko, Rehema," Masanja alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Ingiza ndani." Nilijaribu kukunja cha tatu nikiingize, kikakatika kwenye mkunjo kama biskuti. Nakumbuka nilivyoyatazama yale makombo meupe kwenye kiganja changu chekundu. Nakumbuka nilivyotaka kunyanyuka nikimbie hadi barabarani. Badala yake mkono wangu wenyewe, kabla akili haijasema kitu, ukaingia kwenye boksi ukavuta vile vya pembeni, vile vya aibu, na nikaanza kuvisukuma ndani ya shimo. Vilikwenda. Vililainika mara vilipogusa damu, vikafuata kila kona ya jeraha, kimoja baada ya kingine, hadi vidole vyangu vikagusa kule damu inakotokea, na nikakandamiza pale kwa ngumi zote mbili na uzito wangu wote.

"Usichungulie," alisema Masanja. Alinijua. Maisha yangu yote mimi ni mtu wa kuchungulia: wali kama umeiva, mlango kama nimeufunga, uji kama umeyeyuka. Kila sehemu ya mwili wangu ilitaka kuinua ngumi kidogo tu nione. Niliinamisha kichwa nikasikia pumzi ya Mwenyekiti, na sauti ya Mama Shija akimsemesha taratibu, akimwambia mkutano bado, ajenda bado, anakwenda wapi. Mvua nyepesi ikaanza kutunyeshea. Hakuna aliyeondoka. Kisha Masanja akaweka mkono wake juu ya mikono yangu, akaiondoa polepole mwenyewe, na tukaangalia pamoja. Vitambaa vilikuwa vimegeuka kizibo kimoja cheusi, kimeshikana na nyama, na pembeni yake hakuna kilichotiririka. Masanja alikaa kwenye tope kama mtoto, akafuta jasho kwa bega, halafu akaanza kucheka, na kicheko kile kikawaambukiza hata wale wa nondo. Baadaye aliufunga mshipa, akashona, akamchoma maksai sindano ya kuzuia usaha, maana vile vitambaa vya pembeni havikuwa safi kama nilivyotaka. Jua lilipoanza kulegea Mwenyekiti alijikusanya, akainuka kwa miguu ya nyuma, akatulia, akasimama wima. Mama Shija alizunguka akamtazama Katibu aliyekuwa amefungwa mbali, akamwambia kwa Kiswahili ili sote tusikie, "Umeona? Kikao kinaendelea."

Nilimpigia kaka simu nikiwa bado na damu hadi viwikoni, nikamwambia atafute mtu mwingine wa duka. Masanja alikwenda na vitambaa vyangu alikohamishiwa, akawaonesha wenye maabara aliowajua, na wao ndio walionieleza kwa utaratibu nilichokuwa nimekifanya: pasi ya moto iliharibu dawa, na ugumu ulizuia kitambaa kisifike damu inakotoka. Hayo mengine yamechukua miaka. Leo kitambaa chetu kinabebwa kwenye mikoba ya maofisa mifugo kutoka Nzega hadi mbali, na kile cha binadamu kinapimwa na watu waliosoma kuliko mimi, ambao hunipigia simu mimi kuniuliza. Bwana Lugendo hamwagi machicha tena, na jina lake anataka litajwe.

Lakini siku ninayoirudia zaidi ni kesho yake, niliporudi Gongoni. Nilimkuta Bi. Zuhura kibarazani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaona nguo zangu, akanikalisha chini kabla sijasema neno. Nilimsimulia yote. Nilipofika kwenye pasi nilisita, kwa sababu kazi ile ilikuwa heshima yake, na niliogopa ataona nimemtukana nyumbani kwake. Nikatoa kitambaa kimoja cha makunyanzi kilichobaki, nikamwekea pajani. Mkono wake ulianza kukinyoosha, kwa mazoea, kiganja kikipita juu yake mara ya kwanza na ya pili. Kisha mkono ukasimama. Alikitazama muda kidogo, akakikusanya chote kwenye ngumi, akakiminya hadi vidole vikapauka, akanirudishia kikiwa donge.

"Basi kesho," alisema, "hivyo vyako usivianike karibu na kanzu zangu."